Chura wangu hataki kula tangu kumbikumbi waishe: nimlazimishe?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja ya Moshi mjini. Mwezi Mei wanafunzi wake walikamata vyura wawili wakubwa wenye mabaka na vipele kwenye mfongo (mfereji wa kienyeji wa kumwagilia mashamba), na wengine watatu wadogo wenye rangi za kupendeza kwenye matete kando ya mto Rau. Wote watano wako ndani ya tangi moja la kioo juu ya meza ya maabara. Mmoja wa wakubwa alikula kumbikumbi kwa pupa wiki za mwanzo. Tangu mvua zikatike hagusi kitu. Mwenzake hajaonekana akila hata mara moja. Wadogo wamebana kwenye kona. Wamepewa nyama ya kusaga, dagaa, nzi waliopigwa wakafa, hata wali. Sasa fundi wa maabara ameshauri wapanuliwe midomo na kusukumiwa nyama kwa kijiti cha meno. Mwalimu anauliza: "Niwalazimishe, au nisubiri? Na nikisubiri, mpaka lini?"

Mwalimu, hicho kijiti kiwekeni kando leo hii. Taya la chura ni mfupa mwembamba sana, huvunjika kirahisi. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, si nyuma kama wetu, kwa hiyo ukisukuma kitu kutoka nje unaujeruhi ulimi ule ule anaoutegemea kukamatia chakula. Tena chura mwitu akibanwa kwa nguvu mara kadhaa hujua kwamba mkono ukiingia kuna hatari, na siku utakapomletea panzi mzuri atajificha asimwangalie. Kulisha kwa nguvu kupo, lakini ni kazi ya daktari wa mifugo kwa chura aliyekwisha kukonda kupita kiasi, naye hutumia chakula laini cha majimaji.

Basi subirini, ila si kwa mikono mitupu. Nikisoma maelezo yako naona tatizo lilianzia kwenye tangi, la chakula likafuata.

Kwanza watenganisheni. Hao wawili, kwa jinsi ulivyowaeleza, ni wale vyura wa kawaida wa bustani na mifereji ambao wataalamu huwaita Sclerophrys gutturalis. Hula chochote kinachosogea na kinachoenea mdomoni, na chura wa matete anaenea. Isitoshe, zile tezi mbili nene nyuma ya macho yao hutoa sumu wanaposumbuliwa, na maji wanayochangia na wadogo yanaweza kuwadhuru. Kwa hiyo wale watatu waliobana kwenye kona hawajachagua chakula hata kidogo. Wanamkwepa anayeweza kuwala. Hakuna mnyama atakayekula katika hali hiyo.

Wakubwa wape boksi la plastiki lenye sakafu pana, udongo wa shambani usiotiwa mbolea wala dawa, kina cha sentimita nane hadi kumi ili wajifukie, kigae cha chungu kilichopinda cha kujifichia, na sahani ya maji ya kina kifupi. Chura hanywi kwa mdomo. Maji huyafyonza kwa ngozi ya tumboni na mapajani, na chura aliyekauka hali, hata umletee nini. Wadogo wanahitaji chombo kirefu chenye vijiti na majani ya kupanda. Ukikifunika kwa chandarua, hakikisha si kile chenye dawa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa mashuleni na kliniki vimetiwa dawa ya kuua wadudu, nayo itaua chakula chao kabla hakijaliwa na kuwadhuru wao wenyewe kupitia ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma zisitumike ndani ya maabara, na anayewashika awe ameosha mikono na kusuuza sabuni yote.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana mzima ili klorini itoke. Mimi napendelea ya mvua. Hapa Arusha, hasa upande wa Meru, nalisisitiza zaidi kwa sababu maji yetu mengi ya ardhini yana floridi nyingi.

Kisha funika pande tatu za kila chombo kwa karatasi, kiondoe kwenye meza inayopitiwa na darasa zima, na uwape wiki moja bila mtu kugonga kioo wala kuwashika. Najua ni vigumu kuwaambia wanafunzi wasitazame. Lakini chura aliyetoka mfongoni hajui kioo ni nini. Kazi yake ya siku za mwanzo ni kutafuta njia ya kutoka, na ukimwona ana kidonda puani ujue amekuwa akikigonga usiku kucha.

Sasa chakula. Nyama ya kusaga, dagaa na wali havitaliwa, na nzi aliyekufa halikadhalika, kwa sababu kwa macho ya chura kitu kilichotulia tuli ni sehemu ya ardhi. Mwaka 1959 watafiti huko Marekani walichunguza nyuzi za neva zinazotoka kwenye jicho la chura kwenda kwenye ubongo, wakakuta aina moja inayosisimka hasa pale kitu kidogo cheusi kinapoingia mbele ya jicho, kikasimama, kisha kikasogea tena kwa vituo. Hivyo ndivyo mdudu anavyotembea. Ukielewa hilo unaelewa kwa nini nyungunyungu aliyeshikwa kwa kibano na kutikiswa kidogo, akatulizwa, akatikiswa tena, huliwa, na yule yule akiachwa amekufa kwenye sahani huoza. (Yupo chura mmoja wa kwetu asiyefuata kanuni hii, yule bapa wa madimbwini mwenye kucha nyeusi miguuni. Hana ulimi kabisa, hunusa chakula majini na kukisukumia mdomoni kwa mikono, na hula hata vipande vya nyama. Ndugu yake wa Afrika Kusini ndiye aliyetumika kupimia mimba hospitalini kuanzia miaka ya 1930. Wako si huyo.)

Tuje kwa mpenda kumbikumbi, maana ndiye kiini cha swali lako, na habari zake ni njema kuliko unavyohofia.

Kumbikumbi wana mafuta mengi, nao hutoka kwa wingi siku chache tu baada ya mvua. Chura wa aina yake huzitumia siku hizo kula mpaka tumbo linaning'inia, na ziada huihifadhi ndani ya tumbo kama mafuta ya kumvusha miezi ya ukame na baridi. Wewe umempa karamu hiyo Mei, halafu Juni imeingia na ubaridi wake. Mwili wa chura hauna joto lake wenyewe. Chombo kikipoa, usagaji wa chakula hupungua na hamu ya kula hushuka. Chura mkubwa aliyenenepa anaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, bila kula asipate madhara. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba huyu hagomi. Ameshiba, na anaona baridi.

Weka kipimajoto ndani ya boksi. Ukisoma nyuzi 22 hadi 27 za Selsiasi mchana, uko sawa. Usiku zikishuka kidogo hakuna neno. Maabara zenu nyingi zimeezekwa kwa mabati bila dari, zinachemka saa nane na kupoa vibaya alfajiri, kwa hiyo boksi liwe karibu na ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua la moja kwa moja. Chombo kilichofungwa kikipita nyuzi 30 ni hatari kwake kuliko njaa.

Hali ya hewa ikishatengemaa, mrudishe kwenye chakula kupitia kitu anachokifahamu. Kumbikumbi wameisha, lakini mchwa wapo mwaka mzima. Tumia ile njia wanayotumia wafugaji wa kuku wa kienyeji: chukua chungu kibovu, kijaze mabua makavu ya mahindi yaliyovunjwavunjwa pamoja na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kinyunyizie maji, kisha kifunike kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kitakuwa kimejaa. Chagua wale wafanyakazi weupe; askari wenye vichwa vikubwa waache, wanauma. Porini, chura wa namna hii hula mchwa na sisimizi kwa wingi, kwa hiyo humpi kitu kigeni.

Mpe mchwa wachache kwenye kisahani chenye kingo laini wasizoweza kuzipanda, saa moja au saa mbili usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: huleta chakula saa nne asubuhi kipindi cha baiolojia, wakati chura amelala chini ya kigae. Kabla ya kuweka kisahani, nyunyiza maji juu ya udongo na kuta. Unyevunyevu wa jioni ni ishara anayoijua tangu alipotoka kuwa kiluwiluwi. Ondoka, kaa mbali, mtazame kwa tochi hafifu ya mwanga mwekundu kama unayo.

Akishakula mchwa jioni mbili tatu, anza kuchanganya. Weka mchwa kumi na nyenje mmoja mdogo. Chura aliyekwisha kuanza kudaka hachagui tena kwa makini. Ulimi ukishatoka hutoka mara nyingi, na nyenje huingia katika mkumbo huo. Jioni nyingine mchwa wanane na nyenje wawili. Usikimbilie kuondoa mchwa wote. Nami nisingependa umhamishie kwenye nyenje tu, kwa maana utakuwa umemwachisha mazoea mamoja na kumtia katika mengine. Panzi wadogo, nyungunyungu, nondo, viwavi laini wasio na manyoya, vyote viingie kwa zamu. Chura aliyezoea vitu vitano hasumbui kimoja kikikosekana. Aliyezoea kimoja atakuletea swali hili kila mwaka mvua zikikatika. Ukubwa wa mdudu usizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili. Chura mkubwa alishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na nyenje waliobaki waondoe asubuhi, wana tabia ya kumtafuna chura aliyelala.

Huyu wa pili, ambaye hajaonekana akila, ananitia wasiwasi zaidi. Huenda hula usiku msimwone, kwa hiyo tafuta kinyesi chake: kitu cheusi kirefu, mara nyingi chenye vipande vya mabawa na miguu ya wadudu. Kama kipo, anakula. Kama hakuna kabisa baada ya wiki ya utulivu na wiki nyingine ya kupewa mchwa na nyungunyungu, fikiria minyoo. Karibu kila chura wa mwituni anayo, ya tumboni na ya mapafuni, na akiwa huru huishi nayo. Akifungiwa, akapata hofu, akalala juu ya kinyesi chake, minyoo huongezeka mpaka inamzidi. Kusanya kinyesi kibichi, kiweke kwenye kichupa safi chenye tone la maji, ukipeleke kwa daktari wa mifugo mwenye darubini, au kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo hapa Arusha. Nakuomba usimpe dawa ya minyoo ya kuku au ya mbuzi kwa kukadiria. Ngozi yake hupitisha dawa moja kwa moja hadi kwenye damu, na kipimo kinachomfaa kifaranga kinaweza kumuua yeye.

Wadogo wa matete ndio wa haraka. Miili yao haina akiba, siku chache za njaa kwao ni nyingi. Habari njema ni kwamba chakula chao Moshi hakina shida: ndizi mbivu. Chukua chupa pana, weka maganda na kipande cha ndizi iliyoanza kuchacha, iache wazi nje ya jiko mpaka vile vinzi vidogo vijae, kisha ifunge kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili hivi utakuwa na kizazi kipya humo humo ndani, na ukianzisha chupa mpya kila wiki hutakosa. Ifungulie ndani ya chombo chao jioni. Ongeza mbu na nondo wadogo wanaovutwa na taa ya nje. Hawa hurukia kitu kinachopaa au kinachopanda kijiti. Mchwa atambaaye sakafuni hawatamwona.

Naikumbuka hapa habari ya vyura wa Kihansi, wale wadogo wa gema la Udzungwa ambao bwawa la umeme liliwapunguzia manyunyu ya maporomoko. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu 500 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na ingawa walikuwa mikononi mwa watunzaji hodari, wengi walikufa miaka ya mwanzo mpaka wahusika walipojifunza magonjwa yao, minyoo yao, mwanga wanaouhitaji na namna ya kuzalisha wadudu wadogo wa kutosha na wa aina mbalimbali. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa gemani. Nakueleza ili wanafunzi wako wasikate tamaa wakiona kumlisha chura mdogo kunahitaji kazi ya kila siku. Kunahitaji kweli.

Wadudu wapatikane wapi? Penye nyasi zisizopuliziwa. Mashamba ya nyanya na mboga hupuliziwa mara kwa mara, na panzi anayeyumbayumba, rahisi kukamatwa, pengine amekwisha kunyweshwa sumu. Mende wa majumbani nawakataza kwa sababu hiyo hiyo. Funza wa chooni wasiguswe. Epuka pia jongoo, nyigu, vimulimuli na viwavi wa manyoya. Kama kuna jirani anayefuga wale funza wa nzi weusi kwa ajili ya kuku, mwombe kikombe kimoja: wana kalisi nyingi kuliko wadudu wengine. Watoboe kidogo kwa sindano kabla ya kuwatoa, maana ngozi yao ni ngumu na mara nyingine hupita tumboni mwa chura wakiwa wazima.

Kalisi hiyo ina maana kubwa kwa atakayekaa kifungoni miezi mingi. Nyenje na panzi wana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na chura anayewala peke yao mifupa yake hulainika, taya likapinda, akashindwa kudaka. Mwenyewe ukadhani anachagua. Saga maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa mpaka yawe unga laini kabisa, tia wadudu kwenye mfuko pamoja na unga, tikisa, walishe papo hapo. Siku moja kabla, wadudu wenyewe washibishwe mchicha, majani ya maboga na pumba. Ukosefu wa vitamini A nao una ugonjwa wake: ulimi hupoteza utando wake wa kunata, chura anamlenga mdudu, anarusha ulimi, anamgusa, hamshiki. Ukiona hivyo usibadilishe chakula tena, mpeleke kwa daktari.

Mpaka lini, uliuliza. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu, mpime kila mmoja mara moja kwa wiki ndani ya kikombe chepesi, uandike. Mkubwa ambaye hali lakini uzito umesimama, mwache. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake wa kwanza, au mifupa ya nyonga ikaanza kuchomoza na macho kuzama, muda wa kusubiri umekwisha. Kwa wadogo usingoje mizani: siku tano bila dalili ya kula katika chombo kipya chenye vinzi, warudishe.

Kurudisha kuna masharti. Warudi pale pale walipotoka, wa mfongo kwenye mfongo ule ule na wa Rau kwenye matete yale yale, na iwe tu kama hawajawahi kuchanganywa na vyura wa kununua au wa mkoa mwingine. Kuna ukungu wa ngozi unaoua vyura duniani kote, na uligunduliwa hata kwa vyura wa Kihansi waliokufa mwaka 2003. Husafiri na maji, udongo na vyombo. Hawa wako watano wamekaa pamoja mwezi mzima, kwa hiyo kabla ya kuwarudisha wachunguzwe ngozi na daktari. Mwenye ngozi inayobambuka vipande vipande au anayelegea miguu asirudishwe. Maji ya tangi yamwage kwenye ardhi kavu yenye jua, usiyarudishe mfongoni.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiishii kwa tembo na simba, na kukamata mnyama wa mwituni kunahitaji kibali. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri yenu na barua ya shule, ueleze ni klabu ya baiolojia, upate maelekezo kwa maandishi. Na chochote kilicho ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Kilimanjaro au ya Arusha, hata kiluwiluwi, kibaki humo.

Wiki mbili kuanzia leo nitumie uzito wa wote watano, joto la mchana na la usiku ndani ya kila chombo, na picha ya kinyesi kama umekipata. Kama huyu wa pili bado hajala, nitakueleza jinsi ya kumwandaa kwa safari ya kuja Arusha kupimwa.